MASHINDANO YA MASHUA ZA TANGA: CHUO CHA BAHARI CHA WATU WA LAMU



Mtu akisimama ufukoni baina ya mji wa Lamu na kijiji cha Shela wakati wa alasiri, huenda akaona jambo ambalo mgeni hulipita bila kulitazama mara mbili. Mashua mbili zarudi kutoka kuvua. Hapana bendera, hapana ngoma, wala hapana zawadi iliyowekwa. Lakini nahodha wa mbele amegeuza shingo akamwona mwenziwe nyuma yake, naye amekaza demani kidogo. Yule wa nyuma ameliona jambo hilo, naye amewaambia mabaharia wake wahamie upande wa joshi. Hapana neno lililosemwa baina ya vyombo viwili hivyo, lakini mashindano yamekwisha kuanza, na wazee waliokaa barazani wamekwisha kuchagua kila mmoja chombo chake.

Hotuba hii ni juu ya mashindano ya namna hiyo: mashindano madogo, ya majirani, yasiyoandikwa katika kitabu chochote.

Mashindano makubwa ya Lamu yajulikana na watu wengi. Kila mwaka katika Mfungo Sita, yaani mwezi wa Rabiul-Awwal, wageni kutoka pande nyingi za Afrika Mashariki hukusanyika Lamu kwa Maulidi, ambayo kitovu chake ni Msikiti wa Riyadha. Pamoja na ibada na elimu huwapo michezo, kama vile mbio za punda, kuogelea, na mashindano ya mashua. Tena liko Tamasha la Utamaduni la Lamu, lililoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, ambalo nalo huzileta mashua majini. Siku hizo ukuta wa pwani hujaa watu tangu mwanzo hata mwisho, na nahodha anayeshinda hutajwa mitaani kwa muda mrefu. Lakini siku hizo ni kama siku za mavuno. Shamba lenyewe hulimwa siku nyingine zote, katika mashindano yale madogo ya alasiri, na mtu asiyelima hawezi kuvuna.

UPEPO NA MAJI

Kwanza yafaa ielezwe kazi yenyewe, kwani mtu wa bara huenda akadhani kwamba chombo cha tanga husukumwa na upepo tu, na mwenye tanga kubwa ndiye ashindaye. Sivyo hata kidogo.

Pwani hii ina pepo kuu mbili. Kaskazi huvuma tangu karibu mwezi wa Desemba mpaka Machi, na kusi huvuma tangu Aprili mpaka Septemba hivi, nalo ndilo lenye nguvu zaidi. Baina yake huja siku za tanga mbili, ambazo upepo ni mdogo na hauna msimamo. Mji wa Lamu watazamana na kisiwa cha Manda, na katikati yake upo mlango wa bahari unaofunguka kusini penye Shela. Toka mjini hata Shela ni mwendo wa kilomita 3 hivi. Basi wakati wa kusi, mashua itokayo mjini kwenda Shela hukutana na upepo wa omo. Irudipo hupata upepo wa tezi. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka.

Hapana chombo cha tanga kiwezacho kwenda moja kwa moja mahali utokako upepo. Hakina budi kwenda kwa mishazari, mara upande huu mara upande huu, na kila mara kikipata hatua kidogo mbele. Mabaharia huita kazi hiyo kupiga bisho. Katika mashua za pwani kazi hii ni ngumu kuliko katika vyombo vya Kizungu, kwa sababu tanga limefungwa katika foromali ndefu ipitayo kando ya mlingoti. Nahodha akitaka kugeuka, mara nyingi hukizungusha chombo kwa kuupa upepo tezi. Foromali husimamishwa wima karibu na mlingoti, tanga huzungushwa mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili, na demani hukamatwa upya. Kila baharia sharti aijue kamba yake kama aujuavyo mkono wake. Mmoja akikawia, tanga hupigapiga ovyo, chombo hupoteza mwendo, na yote yaliyopatikana kwa nusu saa hupotea katika muda wa kuvuta pumzi chache.

Tena kuna maji. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, na katika pwani ya Kenya tofauti ya maji kujaa na maji kupwa wakati huo hupita mita 3. Maji mengi hivyo hayawezi kuingia na kutoka katika mlango mwembamba pasipo nguvu. Mkondo huwa mkali katikati penye kina, na huwa mlegevu kandokando penye maji machache. Nahodha asiyejua jambo hili aweza kuwa na mashua nzuri kuliko zote, na bado akaachwa.

WATU WALIOMO CHOMBONI

Mashua ya kuvulia ina urefu wa mita 8 au 10 hivi. Ina mkuku, mataruma na mbao, nayo imetiwa kalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta. Mafundi wa Matondoni, kijiji kilicho upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, wanajulikana kwa kuunda vyombo hivi kwa macho na mikono, pasipo ramani ya karatasi. Kwa hiyo mashua mbili hazifanani kabisa, hata zikiundwa na fundi mmoja. Moja huenda vizuri katika upepo mwingi, na nyingine hupenda upepo mdogo. Siku ya mashindano fundi naye husimama ufukoni na kutazama kwa makini, kwa maana kazi ya mkono wake yapimwa mbele ya watu wote.

Mbali na nahodha, ambaye hushika kana ya usukani, yuko mwenye kushika demani, ambaye hulilegeza au kulikaza tanga kwa kila pumzi ya upepo. Wako wenye kukaa upande wa joshi, wengine wakitoka nje kabisa juu ya ubao uliotokezwa ukingoni, ili uzito wao ukizuie chombo kisilale. Mifuko ya mchanga huwekwa kuwa farumi, nayo huhamishwa kila chombo kinapogeuka. Palipo na tanga la pamba, baharia mmoja hulirushia maji ya bahari, kwani nguo iliyolowa hukazana nyuzi zake na haiupitishi upepo kwa urahisi.

Na chini kabisa yuko mtu ambaye watazamaji hawamwoni. Huyo ndiye afuaye maji ya ngamani. Kazi yake ni kuinama na kuinuka na chombo chake cha kufulia tangu mwanzo hata mwisho, naye haoni nani yuko mbele wala nani yuko nyuma. Lakini mashua iliyojaa maji ni nzito kama gogo, na mtu huyo akipumzika, nahodha aweza kushindwa pasipo kujua sababu. Vijana wengi hupewa kazi hii kwanza. Mwenye kuifanya pasipo kunung'unika huja kupewa kamba, na mwenye kujua kamba huja kupewa kana. Ndivyo chuo hiki kilivyo: hakina cheti, lakini madarasa yake yanafuatana kwa utaratibu.

DAU LA MNYONGE

Wahenga walisema, "Dau la mnyonge haliendi joshi." Maana yake ni kwamba mtu dhaifu hapati nafasi ya kupanda juu ya wenziwe. Mara nyingi maneno hayo ni kweli katika mambo ya dunia. Lakini katika mashindano ya majirani yako mambo yanayoweza kuligeuza neno hilo, na wasikilizaji na wachukue mfano huu.

Tuseme mashua mbili zaondoka mjini kwenda kuzunguka boya karibu na Shela na kurudi. Kusi lavuma, na maji yapwa. Ya kwanza ni mpya, ina tanga jipya jeupe, na mabaharia wake ni vijana wenye nguvu. Ya pili ni ya mvuvi wa makamo na wanawe. Tanga lake lina viraka, na asubuhi hiyo hiyo imetoka kuvua.

Katika kwenda, vijana wafuata ukuta wa mji, kwa sababu ndipo walipo watazamaji. Mvuvi aiacha pwani na kwenda katikati penye kina. Hapo mawimbi ni mafupi na makali, kwani upepo na mkondo vyapambana uso kwa uso, na wanawe waloa mpaka vichwani. Lakini mkondo ule wa maji yapwayo watoka nje kwa upande wa Shela, nao waibeba mashua yake kuelekea huko huko anakotaka kwenda. Kila anapogeuza tanga amepata hatua ambazo vijana hawakuzipata. Afika bora kwanza, ijapokuwa mashua yake ni ya zamani.

Katika kurudi mambo hubadilika. Sasa upepo ni wa tezi, na mkondo uliokuwa rafiki umekuwa adui. Vijana, wakiwa wamejifunza jambo moja, waenda katikati kama alivyofanya yeye, nao wakutana na maji mengi yanayowarudisha nyuma. Mvuvi hukaa kandokando penye mkondo mlegevu, karibu na fungu la mchanga ambalo mwingine angeogopa kupanda juu yake. Yeye hana hofu, kwa sababu fungu lile alijua. Hutega hapo kila siku ya kazi. Basi dau la mnyonge limekwenda joshi, tena limefika nyumbani mbele.

Katika mfano huu mvuvi hakushinda kwa bahati. Alishinda kwa kazi yake ya kila siku. Na hapa ndipo mashindano madogo yanapopita makubwa kwa haki. Palipo na zawadi kubwa, mwenye mali aweza kuunda chombo cha mbio tu, kisichobeba samaki hata mmoja, na kukiweka pwani mwaka mzima kikingoja siku yake. Lakini katika mashindano ya alasiri kila chombo ni kile kile kilicholisha nyumba asubuhi. Tajiri na maskini wapimwa kwa kipimo kimoja.

SHARTI ZA KUPATANA

Kwa kuwa mashindano haya hayana kamati kubwa, ugomvi waweza kuingia kwa urahisi. Ndugu wameacha kusalimiana kwa sababu ya boya lililoguswa. Kwa hiyo yafaa mambo machache yapatanwe ufukoni kabla ya matanga kutwekwa.

La kwanza ni mwanzo. Ni vema vyombo vyote vikae kwenye nanga, matanga yamefungwa kwa nyuzi dhaifu, na mzee mmoja anayeaminiwa na wote atoe ishara. Vyombo vidogo na vipewe nafasi ya kuondoka kwanza, ili mashindano yawe ya ustadi na si ya ukubwa.

La pili ni farumi. Ikiwa imekubaliwa kutupa mifuko ya mchanga baharini wakati wa kurudi, na iwe halali kwa wote. Ikiwa haikukubaliwa, na ihesabiwe mwisho.

La tatu ni njia. Sheria za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini, zilizowekwa mwaka 1972, zinaeleza jambo hili wazi. Vyombo viwili vya tanga vinapokaribiana na kila kimoja kinapata upepo kwa upande tofauti, kile kinachopata upepo kwa upande wa kushoto sharti kimpishe mwenziwe. Vikiwa vyote vinapata upepo kwa upande mmoja, kile kilicho upande wa joshi sharti kimpishe kilicho upande wa demani. Kijana anayejifunza sheria hizi katika mchezo hatazisahau usiku wa giza.

La nne ni uhai wa watu, nalo ni kubwa kuliko yote. Chombo kikipinduka, mashindano yamekwisha kwa kila aliye karibu. Anayeacha ushindi ili kumwokoa mwenziwe hajashindwa, na watazamaji wanaojua heshima ndio wapasao kumshangilia kwanza. Kila mtu na avae jaketi ya kuokolea, hata yule aliyezaliwa ufukoni, kwani kichwa kilichopigwa na foromali hakijui kuogelea. Tena mashua na ihesabiwe kuwa imefika ikiwa tu imerudi na watu wote iliyoondoka nao.

KWA NINI JAMBO HILI LISIACHWE

Huenda mtu akauliza: mambo haya yana faida gani katika siku hizi za injini? Swali hilo ni la haki, na lastahili jibu la kweli.

Injini imeleta faida nyingi. Mgonjwa wa Faza au Siyu aweza kuletwa Lamu upesi, na samaki hufika sokoni kabla ya kuharibika. Hapana mwenye akili awezaye kuilaumu. Lakini injini hula petroli, na petroli hununuliwa kwa fedha, na iko siku ambayo samaki waliopatikana hawatoshi kulipa mafuta yaliyowafuata. Tena injini ni chuma, na chuma huharibika. Ikizimika ndani ya mlango, tatizo ni dogo. Ikizimika nje ya mwamba, wakati wa kusi, jua likishuka, maisha ya waliomo hutegemea kama mna tanga chomboni, na kama yuko mtu anayejua kulitumia. Kijana aliyezoea kuvuta kamba ya injini tu hukaa akitazama nchi ikimponyoka. Kijana aliyepiga bisho kila alasiri na jirani zake hutweka hata kipande cha turubai, akajua upepo umpeleke wapi na maji yatageuka saa ngapi.

Bahari yenyewe nayo imebadilika. Mwezi wa Mei mwaka 2021 gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa, na meli kubwa zikaanza kuingia katika maji ya Manda. Meli ya namna hiyo haiwezi kusimama kwa ghafula wala kugeuka kama mashua. Mwenye chombo kidogo ndiye apasaye kuwa mwerevu zaidi kuliko baba zake, ajue mkondo, ajue sheria za njia, na asijikute pasipo upepo mahali pasipofaa.

Kuna jambo jingine. Mtepe, kile chombo cha kushonwa kilichokuwa fahari ya visiwa hivi, haukuondoka kwa siku moja. Uliondoka kidogo kidogo: fundi mmoja alikufa pasipo mwanafunzi, kisha mwingine. Elimu ya tanga nayo yaweza kuondoka kwa njia hiyo hiyo, kwa ukimya, na matanga ya siku ya sikukuu hayatatosha kuizuia. Chombo kikitwekwa tanga mara moja kwa mwaka kwa ajili ya wageni, baharia wake atajua kuonyesha, lakini hatajua kusafiri.

Dawa yake si ghali. Mwenye mashua ya injini na aweke mlingoti na tanga vilevile, na mara moja kwa juma arudi nyumbani kwa upepo. Wazee na wawape vijana kana mikononi, wakae kando na kunyamaza, hata kijana akikosea. Kwani wahenga walisema kuwa manahodha wengi chombo huenda mrama. Walimu wa shule za visiwani na watumie mashua kufundishia pembe, uzito na mwendo wa mwezi, maana mambo hayo yote yamo katika safari moja ya kwenda Shela. Na watoto wenye vidau vyao vya kuchezea, wanavyovitwekea kipande cha kitambaa na kuvishindanisha penye maji haba, wasifukuzwe kwa kuambiwa kwamba wanapoteza wakati. Manahodha wengi wa leo walianza hapo.

Alasiri ya kesho mashua mbili zitarudi tena kutoka kuvua, na nahodha wa mbele atageuza shingo. Ikiwa nyuma yake kuna tanga, atakaza demani, na chuo kitakuwa kimefunguliwa kwa siku nyingine. Ikiwa hapana tanga, atarudi nyumbani polepole, na mwanawe hatajifunza neno siku hiyo.